Barabara namba 8 na ziwa lililoikata

Kuna barabara ya jimbo huku North Dakota, Marekani, ambayo kila dereva mgeni lazima ailaani walau mara moja. Ni namba 8. Inatoka mpaka wa South Dakota, inapanda kaskazini kupitia Richardton na Halliday, inaingia katika ardhi ya Fort Berthold, ambayo ni ya makabila matatu, Wamandan, Wahidatsa na Waarikara, inafika kijiji kidogo kiitwacho Twin Buttes, na baada ya hapo haina tena pa kwenda. Mbele ni maji. Ukitazama ramani, namba 8 hiyo hiyo inaibuka tena upande wa kaskazini na kuendelea zake hadi Kanada, kana kwamba hakuna lililotokea hapo katikati.

Nilikuja huku wakati wa mbio za mafuta ya Bakken, tabaka la mwamba wenye mafuta lililo chini ya nchi hii, nikakabidhiwa tenka la kubeba maji ya chumvi yanayotoka visimani pamoja na mafuta. Usiku mmoja wa baridi kali nilikuwa kusini ya ziwa, kwenye foleni ya kushusha mzigo, na ng'ambo naona taa za mtambo wa kuchimba zikiwaka kama za stendi ya mabasi. Kazi yangu iliyofuata ilikuwa kule kule kwenye zile taa. Jicho lilifika mara moja. Lori lilifika alfajiri.

Ziwa lenyewe linaitwa Sakakawea. Watalii wanalipima kwa urefu wake, kilomita 286, au kwa uzito wa samaki waliowatoa humo. Madereva tunalipima kwa dizeli. Kutoka bwawa la Garrison, ambalo ndilo lililolizaa, hadi daraja la Four Bears pale New Town hakuna pa kuvukia hata mahali pamoja. Wavuvi huendesha pikapu zao juu ya barafu ukifika Januari, wakakaa katikati ya ziwa na vibanda vyao na viti vyao. Mimi na tani zangu nazunguka, asante.

Nimezunguka kiasi cha kutosha kuamini kwamba kipimo cha dizeli ndicho kinacholieleza ziwa hili vizuri. Vitabu na vibao vya kumbukumbu husema ekari ngapi zilizama. Ni kweli zilizama, nami nitazitaja. Lakini kilichowavunja watu wa hapa hasa ni kwamba aliyekuwa jirani akawa mtu wa kusafiriwa.

Ili uelewe, inabidi ujue tofauti ya juu na chini. Juu ni tambarare: nyasi, ngano, upepo. Upepo wa huku ukifungua mlango wa lori bila kuushika vizuri, utauokota. Mti ukiuona juu kule, ujue kuna mtu aliupanda akaulea. Chini bondeni, kando ya mto Missouri, ilikuwa nchi nyingine kabisa. Mto ulifurika theluji inapoyeyuka, ukaacha tope jipya juu ya mashamba. Kulikuwa na misitu ya cottonwood, mti mnene unaopenda maji, na hiyo misitu ndiyo iliyovunja upepo wakati wa baridi. Kulikuwa na swala wa kuwinda, matunda pori ya kukausha, kuni za bure, na kwenye kingo za mto makaa ya mawe ambayo mtu alijichimbia mwenyewe akapeleka nyumbani. Familia iliweza kupita mwaka mzima na fedha kidogo sana mkononi, na isilale njaa.

Na hawakuwa watu wa juzi. Kwa karne nyingi kabla ya reli na kabla ya Marekani kuitwa Marekani, vijiji vya Wamandan na Wahidatsa vilikuwa soko la nyanda zote hizi. Wanawake ndio waliokuwa wenye mashamba. Walilima mahindi, maharagwe, maboga na alizeti, mbegu zilizozoeshwa msimu mfupi wa kaskazini ambako baridi inaweza kurudi wakati ambapo mtu ameshaanza kupalilia. Mavuno waliyaficha kwenye mashimo ya ndani ya ardhi, mdomo mwembamba wa kupita mtu mmoja, tumbo pana chini. Makabila ya kuhamahama yalileta nyama na ngozi za nyati yakaondoka na mahindi. Farasi walitoka kusini, bunduki zikatoka kaskazini, vyote vikakutana hapa. Lewis na Clark, wale wapelelezi waliotumwa na Rais Jefferson, walikaa hapa majira ya baridi ya 1804 na 1805, na waliponea kwa mahindi ya hawa wanawake. Wahunzi wao walifua mashoka ili wapate cha kununulia mahindi hayo. Sakakawea, ambaye jina lake limebandikwa kwenye ziwa, alikuwa akiishi katika vijiji hivi na kutoka hapa akafuatana nao hadi Bahari ya Pasifiki.

Ndui ilipiga mwaka 1837. Wamandan waliobaki hawakuzidi mia mbili. Walioponea wakaungana na Wahidatsa, na mwaka 1845 wakajenga kijiji cha pamoja kwenye kona ya mto, Like-a-Fishhook. Waarikara wakajiunga nao 1862. Mkataba wa Fort Laramie wa 1851 ulikuwa umewatambulia zaidi ya ekari milioni 12. Serikali ikawa inamega, inamega, mpaka kufikia karne ya 20 haikubaki hata milioni moja. Lakini bonde lilikuwamo katika kile kilichobaki. Ndiyo maana nasema bwawa halikuwakuta watu waliokuwa na mengi wakapoteza kidogo. Liliwakuta na kitu kimoja.

Unaweza bado kuona kidogo bonde lilivyokuwa, ukienda chini ya bwawa, yaani upande maji yanakotokea, karibu na Stanton, pale mto Knife unapoingia Missouri. Kwa kuwa pako chini ya bwawa, hapakuzama. Serikali imepafanya eneo la kumbukumbu ya taifa tangu 1974. Nilipata siku ya mapumziko nikaenda. Usitegemee magofu. Ni uwanja wa nyasi wenye mabonyeo ya duara, moja karibu na jingine, mengi mno, na kila bonyeo ni mahali palipokuwa na nyumba ya udongo. Ukisimama katikati ya moja, ukingo wake unaonekana wazi pande zote, na ukitembea hatua chache unashuka kwenye la jirani. Nyumba zilibanana hivyo. Mtu akikohoa, wa pili anasikia. Kuna nyumba moja waliyoijenga upya kwa mfano wa zamani: nguzo nne nene za cottonwood katikati, tundu la moshi juu yake, udongo umejazwa nje mpaka paa. Ilikuwa siku ya upepo wa kawaida wa huku, yaani wa kukera. Nilipoingia ndani masikio yakatulia. Nikatafuta kofia yangu mfukoni nikagundua siihitaji.

Sasa, bwawa. Mwaka 1943 Missouri ulifurika vibaya huko chini, mji wa Omaha ukaingia maji, na nchi ilikuwa vitani. Kanali Lewis Pick wa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi alikuwa na mpango wa mabwawa makubwa ya kuzuia mafuriko na kuwezesha majahazi kusafiri. Glenn Sloan wa idara ya umwagiliaji alikuwa na mpango wake wa mifereji na umeme. Badala ya kuchagua mmoja, mwaka 1944 Bunge la Marekani liliiunganisha yote miwili. Hapo ndipo Garrison ilipopitishwa. Oahe pia, ambayo baadaye ilizamisha mabonde ya Standing Rock na Cheyenne River huko kusini. Ukiweka ramani ya mabwawa hayo juu ya ramani ya ardhi za wenyeji wa asili, zinalingana kiasi kwamba huhitaji kuambiwa.

Ujenzi ulianza 1947, kabla makabila hayajatia sahihi chochote. Baraza lao lilikuwa limekataa, likaomba bwawa lijengwe mahali pengine. Halikusikilizwa. Kuna picha ya tarehe 20 Mei 1948, bila shaka umewahi kuiona hata kama hukujua ni ya nini: waziri Julius Krug ameketi mezani anatia sahihi mkataba wa kuichukua ardhi ya bonde, na George Gillette, mwenyekiti wa baraza, amesimama amevaa suti, amefunika uso kwa mkono, analia. Siku hiyo alisema wanasaini kwa mioyo mizito, na kwamba kwa sasa haoni mbele pazuri. Nimeiona hiyo picha ukutani katika sehemu kadhaa huku, ofisini, dukani. Ninachokitazama ni wale wengine walioko nyuma. Wametulia kama watu wanaosubiri mkutano uishe.

Hesabu ni hii: ekari 152,360 zilichukuliwa, na karibu familia 325, yaani wanne katika kila watano wa makabila hayo, walitakiwa kuhama. Karibu ardhi yao yote nzuri ya kilimo ilikuwa humo. Fidia, baada ya Bunge kuibadilisha kwa sheria ya 1949, ilifika jumla ya dola milioni 12.6. Upande wa magharibi, mji wa Williston, ambao haukuwa wa wenyeji, ulijengewa tuta la kuukinga na ziwa lisiufikie. Sisemi zaidi ya hapo.

Bwawa lenyewe ni mlima wa udongo, urefu kilomita 3.4 na kimo mita 64. Barabara namba 200 inapita juu yake, na ukiwa na mzigo unajikuta umelimaliza kabla hujajua uko juu ya nini. Rais Eisenhower alikuja kulizindua tarehe 11 Juni 1953. Maji yalikuwa yameshaanza kupanda.

Elbowoods ndiyo ilikuwa makao makuu bondeni. Ilikuwa na hospitali, shule, ofisi za serikali, na daraja lililofunguliwa 1934. Watu waliondoka na walichoweza. Nyumba nyingine zilinyanyuliwa zikavutwa juu nzima nzima. Makaburi yalifukuliwa, mifupa ikahamishiwa kwenye makaburi mapya kule kwenye upepo. Wanaakiolojia walichimba Like-a-Fishhook kwa haraka, wakishindana na maji. Miji ya wazungu ya Sanish na Van Hook nayo ilizama, na watu wake wakajenga mji mmoja mpya juu. Waliuita New Town, Mji Mpya, jina ambalo nadhani lilitungwa na mtu aliyechoka.

Daraja je? Sehemu yake kuu ya chuma ilihamishwa. Waliifungua, wakaibeba kuelekea mto unakotoka hadi New Town, wakaiunganisha kwenye daraja refu zaidi lililofunguliwa 1955. Kwa mhandisi hiyo ni kazi safi, hasara haikutokea, chuma kimetumika tena. Lakini lile lilikuwa daraja la katikati. Mtu wa kusini alikuwa akivuka Elbowoods akaenda hospitali, akaenda ofisini, akaenda kwa shangazi. Lilipohamia ukingoni kaskazini, watu wa Twin Buttes wakabaki peninsula ya peke yao. Ardhi moja ikawa vipande vitano, vyote vimezunguka maji: New Town, Parshall, White Shield, Mandaree, Twin Buttes. Kutoka Twin Buttes hadi White Shield kwa ndege ni mruko mfupi. Kwa barabara unashuka kusini mpaka Halliday, unakata mashariki kupita Beulah na Hazen, unavuka juu ya bwawa, unapanda, unarudi magharibi. Zaidi ya kilomita 150, na kama theluji inapeperushwa barabarani, hesabu anayeijua ni Mungu.

Mama mmoja mtu mzima, tuliyekuwa tunasubiri naye nguo zikauke kwenye duka la kufulia New Town, aliniuliza natoka wapi, nikamwambia, kisha nami nikamuuliza. Alitaja kijiji cha bondeni ambacho hakipo. Walipohamishwa alikuwa mtoto. Familia yao ilipewa eneo upande wa kusini, mama yake mkubwa na wanawe wakapewa mashariki. Kabla ya hapo walikuwa wakienda kwa miguu, wanarudi jioni. Baada ya hapo, alisema, walikuwa wanaonana kwenye mazishi. Hakulisema kwa huzuni ya kuigiza. Alilisema huku anakunja shuka, halafu akaniuliza kama kampuni yangu inalipa vizuri.

Kule juu maisha yalidai fedha. Kuni hazikuwapo, makaa yakawa ya kununua, visima vilitoa maji mabaya au havikutoa kabisa, bustani zilikauka. Chakula kikawa cha mgao na cha dukani. Watu wa hapa wanauhusisha ugonjwa wa kisukari moja kwa moja na miaka hiyo, na sijakutana na mtu wa rika la yule mama asiye na ndugu mwenye kisukari. Vijana wengi walikwenda kutafuta kazi mijini, wengine hawakurudi.

Kuna upande wa pili, nisije nikaonekana siujui. Umeme unatoka: mitambo mitano pale bwawani. Miji ya chini ya mto imelala salama miaka mingi. Lakini mwaka 2011 theluji na mvua vilizidi, ikabidi milango ya dharura ya bwawa ifunguliwe kwa mara ya kwanza tangu lijengwe, na nyumba za miji ya Bismarck na Mandan zikaingia maji. Kuhusu umwagiliaji, North Dakota iliahidiwa ekari milioni moja na zaidi. Mfereji wa McClusky ulichimbwa, upo, nimepita juu yake, na sehemu kubwa ya ule mpango haikutimia kamwe. Kwa hiyo hata wakulima wazungu waliokubali bwawa kwa tamaa ya maji wana neno la kusema, na husema, hasa ukikaa nao baa.

Samaki wapo, hilo nakubali. Walleye ni mtamu, na samoni waliletwa kupandikizwa 1976. Wikendi za kiangazi maegesho ya boti yanajaa magari ya Minnesota. Ziwa likishuka wakati wa ukame, misingi ya Sanish hujitokeza na watu huenda kupiga picha.

Mafuta yameongeza sura nyingine. Teknolojia ya siku hizi inachimba kwenda chini halafu inageuka kulala, kwa hiyo mtambo unasimama ufukweni na bomba linakwenda chini ya ziwa, chini kabisa ya bonde la zamani. Swali likawa: mafuta yaliyo chini ya mto uliozama ni ya nani? Jimbo likasema yake. Mwaka 2020 wanasheria wa wizara ya serikali kuu inayohusika na wenyeji wa asili wakakubaliana na jimbo. Mwaka 2022 wengine, baada ya serikali kubadilika, wakaandika kwamba ni ya makabila matatu. Tazama mambo: ardhi ambayo ilionekana ya kuzamishwa tu bila hofu, ilipogundulika ina mafuta, ghafla kila mtu anauliza mwenyewe ni nani.

Daraja la Four Bears lilijengwa upya 2005, urefu karibu kilomita 1.4, pana, na kwenye kingo zake wamechonga alama za makabila. Nafurahi kulipita. Lakini ni pale pale kaskazini.

Malipo ya kweli yalichelewa. Kamati iliyoundwa miaka ya 1980 ilikiri kwamba fidia haikutosha, na 1992 Bunge likatenga mfuko wa dola milioni 149.2 kwa makabila haya, nao wanaruhusiwa kutumia riba yake tu. Hospitali ya Elbowoods, ambayo waliahidiwa kujengewa nyingine, ilikaa bila mrithi hadi 2011 kilipofunguliwa kituo cha afya New Town kilichopewa jina lake. Ni kituo kizuri, safi, kina daktari wa meno. Kulazwa ni Minot au Bismarck. Nilikuwa na mwenzetu aliyebanwa na tenka mguu, upande wa Twin Buttes, na tulichobishana na watu wa simu ya dharura ni gari la wagonjwa litokee upande gani wa ziwa. Lilitokea Killdeer, mji wa upande wa kusini. Mguu ulipona, anaendesha mpaka leo, ila siku hizi anakataa kazi za kusini.